Kikuza Sauti cha Dada Mwamvita

Stesheni ya Usinge,
14 Januari 1956

Kwa mpwa wangu Nassibu,

Salamu ziwe juu yako, juu ya mkeo na juu ya binti yako Sikuzani. Sisi huku ni wazima. Mkaza mjomba wako alishikwa na homa siku nne, lakini ameinuka, na jana alipalilia mahindi. Mvua ni nyingi kupita kiasi, na nyuki wamechelewa kuingia mizingani.

Nimepata habari kwa abiria mmoja wa gari la moshi, si kwako, kwamba Sikuzani ameposwa na Shaban, fundi cherehani wa sokoni, na kwamba harusi itakuwa Jumamosi ya tarehe 28 Julai, Idi ya Kuchinja ikishapita. Nampongeza binti. Wewe sitakupongeza mpaka utakaponiandikia mwenyewe.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Kuna sanduku litafika posta ya Tabora kwa jina lako. Nimeliagiza Uingereza. Ndani yake mna chombo cha kukuza sauti, ila hakijaungwa. Ni vipande vitupu, na mnunuzi ndiye anayeviunganisha. Walioviandaa wanasema vimekusudiwa mtu ambaye hajawahi kuunga chombo cha namna hiyo, na mpaka sasa sina sababu ya kutowaamini. Mtu huimba mbele ya maikrofoni. Sauti yake hupita katika vali tatu, yaani taa za kioo zenye nyuzi za moto ndani. Kisha hutoka katika spika ikiwa imekua mara nyingi.

Mimi ni karani wa simu za stesheni, zile za nukta na mistari, na ninaelewa mambo haya kwa nadharia, lakini hapa Usinge hatuna umeme ila ule wa betri za simu. Wewe ni fundi bati, mkono wako ni mwepesi, na jirani yako Anton wa baiskeli ana umeme ukutani. Humo sandukuni mna karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Niletee, niifasiri hatua kwa hatua. Kabla ya hapo usiunge kitu.

Nataka chombo hiki kiwe tayari siku ya harusi, ili mama yako, dada yangu Mwamvita, aimbe. Usimwambie kwamba kimetoka kwangu, wala usiniulize sababu.

Mjomba wako,
Lukumani


Cheyo, Tabora,
2 Februari 1956

Kwa mheshimiwa Mjomba Lukumani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyote katika afya, na kwamba homa ya mkaza mjomba imekwenda isirudi. Naomba radhi kwa kutokuandika habari za posa. Nilikuwa nikingoja siku ya harusi ithibitike, na abiria wako akanitangulia.

Sikuzani hajambo. Mama naye hajambo: anachambua mchele, anagombana na Paskazia mke wa Anton juu ya kuku, anapika. Lakini haimbi, na hilo ndilo tatizo letu kubwa. Unaijua desturi ya nyumba hii kuliko mimi: binti havuki kizingiti kwenda kwa mumewe mpaka bibi yake amwimbie wimbo wa kutoka, beti zote saba. Sikuzani ametamka mbele ya wote, “Bibi asipoimba, nitakaa humu ndani mpaka nizeeke.” Mama akamjibu bila kuinua macho kwenye ungo, “Zeeka, mwanangu. Mchele upo.”

Nimemwuliza mara tatu. Anasema ni koo. Mwaka ule wa harusi ya binti yako mimi nilikuwa Lusu nikiuza vibatari. Niliporudi nikamkuta amenyamaza, akaniambia alipatwa na kikohozi. Wewe ulikuwapo, mjomba. Kilikuwa kikohozi gani hicho kisichopona miaka mitatu?

Sanduku limefika. Nimehesabu vipande mia moja na kumi na tatu. Nimeviweka katika vikombe kumi na viwili vya chai, hata mke wangu anauliza kama tutakunywa chai viganjani. Kazi ya Wazungu hawa ni safi, isipokuwa kitu kimoja, nacho nitakishughulikia kwa ufundi wangu mwenyewe. Karatasi ya maelekezo imo humu.

Mpwa wako mtiifu,
Nassibu


Stesheni ya Usinge,
9 Machi 1956

Mpwa wangu Nassibu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia baada ya wiki tatu, maana maji yalikata reli upande wa mashariki, na mfuko wa posta ukalala mahali ambapo hata karani wa simu hakuweza kupajua. Sasa gari linapita. Sisi ni wazima. Pokea pongezi zangu kwa posa ya binti yako. Umekwisha kuniandikia, nami natimiza ahadi.

Nimefasiri maelekezo yote. Ni hatua arobaini na moja, na nimezinakili kwenye karatasi za mbali. Usiruke hata moja. Nne kati yake nazirudia hapa kwa kuwa nakujua.

Hatua ya saba: nyuzi mbili za kuwashia moto wa vali zisokotwe pamoja kama kamba ya kitanda. Zikienda mbalimbali, chombo kitavuma kama mzinga.

Hatua ya kumi na tisa: kapasita kubwa, yaani kikopo cha kuhifadhi umeme, ina upande wa kuongeza na upande wa kupunguza. Ukiigeuza itapasuka, na hutapata nyingine Tabora yote.

Hatua ya ishirini na sita: kila kiungo kishikane kwanza kwa kukunjwa waya, ndipo kilehemewe. Lehemu si kamba.

Hatua ya thelathini na tatu: chombo kikiwa na umeme, au kikiwa kimezimwa muda mfupi tu uliopita, fanya kazi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uuweke nyuma ya mgongo. Umeme ulio ndani ya chesisi, yaani bati linaloshika vipande vyote, unaweza kumwua mtu, nao haupiti vizuri kifuani mwa mtu aliyeacha mkono mmoja nje ya shauri.

Uliandika kwamba kuna kitu kimoja utakachokishughulikia kwa ufundi wako. Ni kipi? Nijibu.

Kuhusu kikohozi ulichoniuliza, hatua ya kumi na tisa inahitaji uangalifu zaidi kuliko zote.

Mlinzi wa gari atakuletea debe dogo la asali kwa ajili ya Sikuzani. Sema umeinunua sokoni.

Mjomba wako,
Lukumani


Cheyo, Tabora,
10 Aprili 1956

Kwa Mjomba Lukumani,

Shikamoo, mjomba. Naandika kwa haraka kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, na kwa furaha ambayo huenda imeuharibu mwandiko wangu. Wote ni wazima. Mke wangu anakusalimu. Amerudishiwa vikombe vyake.

Chombo kimesema!

Nilifuata hatua zako moja baada ya nyingine, jioni kumi na nne, nyumbani kwa Anton. Ilipofika hatua ya thelathini na tatu, mkono wangu wa kushoto haukukubali kukaa nyuma. Umezoea kushika bati. Basi Paskazia akaufunga mgongoni kwa kanga. Anton alipoingia na kunikuta vile aliuliza, “Umeshitakiwa na nani?”

Tulipowasha, vali zilianza nyekundu kidogo, kama makaa yaliyopulizwa, kisha zikatulia. Paskazia ndiye aliyeitwa aseme kwanza, kwa kuwa ni mwimbaji wa kanisani. Akaikaribia maikrofoni kwa adabu kubwa, akakohoa, akasema: “Nassibu, kuku wako yumo kwenye mchicha wangu sasa hivi.” Neno hilo lilisikika mpaka kisimani. Watu wakaja mbio, wengine kwa ajili ya ajabu, wengine kwa ajili ya kuku.

Kuhusu asali. Mama alichovya kidole, akaonja, akauliza: “Umeinunua wapi?” Nikasema sokoni. Akaonja tena. “Asali hii ni ya maua ya miyombo ya Usinge, ya mzinga wa gome, imerinwa na mtu asiyependa kuharakisha. Kwa hiyo na lile sanduku ni lake.” Mjomba, mimi sikutamka neno. Nilidhani atakasirika. Alisema tu, “Basi nimejua,” akaenda kupepeta unga.

Jioni, alipokuwa peke yake na Sikuzani, aliuliza: “Kitu hicho kikisema kwa nguvu zote, kitafika Usinge?” Sikuzani akacheka. Mama naye akacheka. Mimi nilisimama mlangoni nikisikiliza kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka ule.

Ramadhani njema.

Mpwa wako,
Nassibu


Stesheni ya Usinge,
20 Aprili 1956

Mpwa wangu,

Marahaba, na Ramadhani iwe ya heri kwenu nyote. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Mvua zimeanza kupungua.

Nimefurahi. Naliandika neno hilo mara moja, nawe lisome mara nyingi kadiri upendavyo.

Nieleze mambo mawili. Kwanza, chombo kikiwashwa na hakuna anayesema, je, kinavuma? Kwa kiasi gani, na kwa umbali wa hatua ngapi husikika? Pili, bado hukunijibu ni kitu gani ulichokishughulikia kwa ufundi wako. Nilikuuliza tarehe 9 Machi.

Lukumani


Stesheni ya Usinge,
26 Mei 1956

Nassibu,

Natumaini mmefunga na kufungua kwa afya, na Idi ilikuwa njema. Yetu ilikuwa njema.

Ni wiki tano tangu nilipokuandikia. Reli haijakatika. Magari yamepita, nimeyahesabu, na katika kila mfuko wa posta palikuwa na barua za watu wengine. Kazi yangu ya miaka ishirini na mbili imenifundisha kwamba stesheni inaponyamaza, haikukosa la kusema. Kuna kitu kimeharibika, na aliyeko hapo anajua ni kitu gani.

Fungua chesisi, mkono mmoja nyuma. Tazama viungo vyote kwenye mwanga wa jua. Vina rangi gani?

Lukumani


Cheyo, Tabora,
7 Juni 1956

Kwa Mjomba Lukumani,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na nguo za harusi zimekwisha kukatwa.

Vina rangi ya kijani.

Sasa nitasema yote. Ndani ya sanduku mlikuwa na waya wa lehemu. Niliukata, nikaona katikati yake mna uchafu wa rangi ya asali, umejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikasema moyoni, hawa wametuuzia risasi isiyosafishwa. Nikauyeyusha wote katika kijiko cha chuma, ule uchafu ukatoka moshi, nikaukwangua, nikabaki na lehemu safi kama fedha. Kisha nikalehemu kwa asidi yangu, ile ninayotumia kwenye vibatari. Mjomba, kibatari changu hakivuji hata kikianguka kutoka darini. Watu wa Nzega na Lusu ni mashahidi. Sikuona sababu ya mkono wangu kufundishwa lehemu na karatasi.

Wiki za kwanza kilisema vizuri. Katikati ya Ramadhani kikaanza kukwaruza. Sasa mtu akisema maneno kumi, sita yanatoka na manne yanakwama. Nilikuwa nikifungua kila siku na kufunga tena, na kila nikishika kalamu nilikuona unavyosoma.

Jambo linaloniuma si hilo. Mama alikuwa amekwisha kukisogelea. Siku ya Idi Anton alituvutia waya wa umeme mpaka uani kwetu. Mama akavaa vizuri, akasimama mbele ya maikrofoni, akavuta pumzi. Chombo kikakwaruza kabla hajafungua kinywa. Akakitazama kwa huruma, akasema, “Nacho kina kikohozi,” akarudi jikoni. Toka siku hiyo hakukaribia tena. Sikuzani analia kwa siri, na Shaban ananiuliza kama kuna mwanamke mwingine anayeujua ule wimbo. Hayuko.

Mjomba, nimekuambia langu lote. Sema lako. Kilikuwa kikohozi gani?

Mpwa wako,
Nassibu


Stesheni ya Usinge,
15 Juni 1956

Mpwa wangu Nassibu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Nimesoma barua yako mara mbili, na nakujibu kwa utaratibu.

Ule haukuwa uchafu. Ni utomvu mkavu wa mti, umewekwa ndani ya waya makusudi, usafishe kiungo wakati wa kulehemu kisha ukae bila kudhuru. Asidi yako nayo husafisha, lakini haikai kimya. Kibatari huoshwa, na chombo hiki hakikuoshwa. Asidi imekuwa ikila shaba na kupitisha umeme pasipotakiwa. Mimi nina sehemu yangu ya kosa: maelekezo yalilitaja jambo hili kwa mstari mmoja, nami sikuurudia, kwa kuwa sikufikiri kwamba fundi mzuri hukosea kwa sababu ya uzuri wake.

Dawa yake ni hii. Toa vali zote. Yeyusha viungo vyote na ukwangue lehemu ya zamani. Osha kwa brashi na maji ya moto kidogo kidogo, usiloweshe transfoma. Kisha osha kwa spiriti. Kisha anika juani siku tatu kamili. Lehemu safi unayo. Utomvu huna, na usitumie sandarusi ya madukani; nimeijaribu hapa, ni ngumu mno, huungua kabla ya kufanya kazi. Mwombe Paskazia aulize kanisani kwao kama yuko mpiga fidla. Wapiga fidla hupaka uta wao utomvu wa aina hiyo hiyo. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kitatosha.

Sasa la pili.

Hakikuwa kikohozi. Katika harusi ya binti yangu, hapo Cheyo, mama yako alisimama kizingitini kwa niaba ya marehemu mama yetu na kuimba. Mimi nilikuwa karibu naye, na saa mkononi, kwa kuwa gari la bwana harusi lilikuwa na wakati wake. Alipofika ubeti wa tano, sauti yake ilishuka na ikatetemeka. Nikasema, mbele ya wageni: “Dada, koo limekwisha. Waachie wengine.” Alizimaliza beti mbili zilizobaki kwa sauti ya chini, akamshika bibi harusi mkono, akamvusha. Hajaimba tangu siku hiyo, nami sijaja Tabora tangu siku hiyo.

Nililosema lilikuwa sahihi. Nimekuwa nikijitetea kwa neno hilo miaka mitatu, na limenifaa kama asidi yako ilivyokufaa. Hakuna aliyeniuliza kipimo. Alikuwa dada yangu, ananiozea binti yangu kwa wimbo wa mama yetu.

Wewe ulihitaji wiki saba kukiri kosa lako. Mimi nimehitaji miaka mitatu, kwa hiyo sina la kukulaumu.

Mjomba wako,
Lukumani


Cheyo, Tabora,
10 Julai 1956

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo. Nyumba imejaa mchele, vitunguu na mashangazi. Sote wazima.

Kimepona! Mpiga fidla wa kanisani alimpa Paskazia kipande cha utomvu, kwa sharti aalikwe pilau. Nimelehemu viungo vyote upya, na safari hii mkono wangu ulikubali kuwa mwanafunzi. Hakikwaruzi hata kidogo. Umebaki mvumo mdogo, kama nyuki mmoja aliyefungiwa chupani. Husikika hatua kumi, haupiti hapo.

Barua yako nilimsomea mama. Hukunikataza. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kisu na kitunguu. Nikangoja machozi, nayo yakaja, lakini akasema ni ya kitunguu. Kisha akasema: “Mwandikie ndugu yangu kwamba hata kuhesabu hajui. Nilishuka ubeti wa nne, si wa tano.”

Nikamwuliza, “Basi utaimba, mama?”

Akasema, “Umekwisha kupima? Kitafika Usinge?”

Nikamwambia ukweli, kwamba hakiwezi kufika hata hospitali ya Kitete.

“Basi cha nini?” akasema, akaendelea kukata.

Mjomba, mimi ni fundi bati, sijui kufasiri karatasi za Kiingereza. Lakini hilo nalifasiri bila msaada. Njoo. Asipojua kwamba unasikia, hataimba, na Sikuzani hatavuka.

Mpwa wako,
Nassibu


Stesheni ya Usinge,
19 Julai 1956

Mpwa wangu,

Marahaba. Idi njema kwenu.

Mvumo unatokana na nyuzi za ardhi, zile zinazorudisha umeme kwenye chesisi, kufungwa mahali pengi. Zikusanye zote kwenye skrubu moja karibu na maikrofoni inapoingia. Spika iwe mbele ya mwimbaji, isimwelekee, la sivyo chombo kitapiga yowe.

Kuhusu kuja kwangu: karani wa simu haachi meza bila mtu wa kuishika, na mtu huyo hayupo. Wape wote salamu. Mwambie dada yangu kwamba alikuwa sahihi, ni wa nne. Nimeufikiria tena.

Lukumani


Stesheni ya Usinge,
4 Agosti 1956

Mpwa wangu mpendwa Nassibu,

Salamu kutoka kwangu na kwa mkaza mjomba wako, aliyekula pilau mliyonifungia na kuuliza kwa nini ilikuwa ndogo. Nimefika salama. Gari la Jumapili nusura nilikose, kwa sababu saa yangu nilikuwa nimeiacha huku kwa makusudi, na ninyi nyumbani kwenu hakuna anayejua wakati.

Ulikuwa umeinamia chombo, mkono mmoja nyuma ya mgongo, hukuona mengi. Nawe unanidai ukweli mmoja, kwa hiyo nitausimulia.

Nilikudanganya. Mtu wa kushika meza alikuwapo. Nilishuka stesheni ya Tabora Jumamosi adhuhuri, nikaenda Cheyo kwa miguu, nikasimama nje ya ua wenu wa matete pamoja na watazamaji ambao hawakualikwa. Nia yangu ilikuwa kusikia na kurudi.

Baada ya Alasiri kelele za ndani zilitulia. Nikasikia ule mvumo. Hukuuondoa, Nassibu, wala nyuzi za ardhi hukuzikusanya. Kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru kwa kazi isiyokamilika, kwa kuwa mvumo ulipobadilika kidogo nilijua kwamba kuna mtu amesimama mbele ya maikrofoni, na kwamba hajaanza, na kwamba anavuta pumzi.

*Kizingiti si ukuta, mwanangu inua mguu;*
*utokako ni kwenu, na uendako ni kwenu.*

Sauti ile si ile ya ujana wake. Imepungua, imekwaruzwa pembeni. Lakini ilipita juu ya matete, ikapita juu yangu, ikaenda mpaka barabarani, na mwanamke aliyekuwa karibu nami na mtungi kichwani akautua. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika wa nne ikashuka, pale pale.

Akanyamaza. Nilidhani imekwisha. Kisha chombo changu, nilichokiagiza ng'ambo ya bahari, nikakifasiri hatua arobaini na moja, kikasema kwa sauti ya dada yangu mbele ya Cheyo nzima:

“Lukumani! Hapa ndipo niliposhuka. Ubeti wa nne! Kama unanisikia huko Usinge, andika. Na kama unasikia, njoo, wali unapoa.”

Watu wote walicheka. Mimi sina desturi ya kupaza sauti; serikali inanilipa nipige nukta na mistari kwa kidole kimoja. Lakini nilisikia mtu akipiga kelele, “Nimesikia, dada! Wa nne!” na walipogeuka wote kunitazama nikajua kwamba ni mimi.

Unajua jinsi matete yalivyofunguliwa, na ni nani aliyenivuta kwa mkono wa kanzu. Paskazia ana nguvu za wanaume wawili. Mama yako alinisimamisha kando yake mahali pale pale nilipokuwa nimesimama mwaka ule, akaimba wa tano, wa sita na wa saba. Sauti ilishuka mara mbili zaidi. Sikupima. Nakuambia tu kwa kuwa nilikuwapo.

Sikuzani alipoinua mguu na kuvuka, dada yangu aliniuliza kwa sauti ya chini, akisahau kwamba maikrofoni bado inasikia, “Umeshiba barua, au una njaa?” Cheyo nzima ikanijibia.

Chombo kiache kwake. Ameniambia wanawake wa mtaa wa pili wanamtaka harusi ya mwezi ujao, naye amekwisha kukubali. Utomvu uliobaki uutunze mahali pakavu. Mvumo usiuguse.

La mwisho. Mama yako aliuliza mara mbili kama kitafika Usinge, na mara zote mbili sikujibu. Kwa kipimo cha fundi, sauti ile haiendi zaidi ya hatua mia tatu, na hapa nilipo ni mbali mno. Mwambie dada yangu kwamba imefika. Nimeisikia leo asubuhi mkaza mjomba wako alipokuwa akiteka maji, kwa kuwa nimemfundisha ubeti wa kwanza, naye amekosea mahali pamoja, nami sikumsahihisha.

Mjomba wako akupendaye,
Lukumani